Coober Pedy au Birdsville? Miji miwili ya nyika kame ya Australia

Coober Pedy, jimbo la Australia Kusini, ilianza kwa bahati ya kijana. Mwaka 1915 Willie Hutchison, mwenye miaka 14, alikuwa na baba yake katika msafara wa kutafuta dhahabu alipookota opali, kito cha thamani. Wachimbaji wakamiminika, na kwa vile jua la kule halina huruma, wakahamia mashimoni. Jina lenyewe, la lugha ya wenyeji, kwa kawaida hufasiriwa "shimo la mzungu". Hadi leo wengi hulala ndani ya mwamba. Ukuta wa chumba bado una mikwaruzo ya mashine ya kuchimbia, na nje joto likipita nyuzi 40, ndani pamepoa bila feni. Makanisa nayo yamo chini, likiwamo la Waorthodoksi wa Serbia, maana wachimbaji wengi walitoka Ulaya.

Birdsville, Queensland, haikujengwa na madini. Ilitoza ushuru wa ng'ombe waliovushwa kwenda Australia Kusini. Makoloni ya Australia yalipoungana kuwa nchi moja mwaka 1901, ushuru ukafutwa na mji ukanywea. Sasa wakazi ni kama mia moja tu, lakini mbio za farasi zilizoanza 1882 huleta maelfu ya wageni, na kwa miaka mingi zimewachangia fedha madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege.

Kwa sherehe, nenda Birdsville. Mimi ningechagua Coober Pedy, kwa sababu maisha yake ya ndani ya mwamba yanaonekana hata siku isiyo na mgeni.