Udaktari ng'ambo: China, Urusi, Italia, Kuba au Karibi?

Vipeperushi vya vyuo hivi vyote vinafanana: jengo la vioo, vijana waliovaa makoti meupe, darubini, na tangazo kwamba kozi inafundishwa kwa Kiingereza. Tofauti zimejificha kwenye mambo mawili: ukimaliza utapewa leseni na nani, na ukifika wodini utasema na mgonjwa kwa lugha gani. Hapa tunavipima kwa hayo mawili kwanza. Ada inafuata nyuma.

Chuo hutoa shahada. Leseni hutolewa na baraza la madaktari la nchi utakayofanyia kazi, na kila baraza lina masharti yake. Umoja wa Ulaya unataka mafunzo ya angalau miaka 5 na saa 5,500. Tangu 2021 India inataka miezi 54 ya masomo kwa Kiingereza na miezi 12 ya utarajali, vyote katika chuo kile kile cha nje. Vilevile inataka shahada iwe inamruhusu mwenyewe kutibu katika nchi aliyosomea sawasawa na raia wa huko. Baada ya hapo kuna mtihani wa maswali 300, na anayepata chini ya 150 amefeli. Uingereza ina PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje: maswali 180 kwa saa 3, kisha vituo 16 ambako unapimwa namna unavyomhoji na kumkagua mgonjwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hujatuma hata maombi, ni kuliandikia baraza lako barua yenye jina kamili la chuo, jina la shahada kama lilivyoandikwa kwenye cheti, na lugha ya kufundishia. Jibu la simu halitoshi. Miaka sita baadaye utahitaji karatasi.

Wengi huishia kutazama World Directory of Medical Schools, orodha ya mtandaoni ya vyuo vya udaktari duniani, wakiona jina la chuo wanapumua. Kuwemo katika orodha hiyo si ithibati. Fungua ukurasa wa chuo, shuka hadi kwenye maelezo ya wadhamini (Sponsor Notes), usome miaka ya wahitimu ambayo ECFMG, shirika la Marekani linalothibitisha madaktari waliosomea nje, inaikubali. Kisha angalia kama shirika linalokipa chuo ithibati linatambuliwa na WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari.

China ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi. Kozi ni miaka 6, mwaka wa mwisho ukiwa wa utarajali. Wizara ya Elimu ya huko ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kupokea wageni wa udaktari kwa Kiingereza. Chuo kisichomo, kiache, hata kiwe na maabara nzuri namna gani. Hospitali za vyuo vikubwa zina wagonjwa wengi mno na mashine za kisasa, na madarasa ya miaka ya mwanzo huenda vizuri. Kasoro huonekana mwaka wa nne.

Chukua mgonjwa mmoja mwenye maumivu ya kifua. Akisema kifua kinabana kama kimekandamizwa na jiwe, unawaza moyo. Akisema kinachoma kuelekea kooni akishalala, unawaza tumbo. Akisema kinamchoma kama sindano kila anapovuta pumzi, unawaza mapafu na utando wake. Ni maneno matatu, na kila neno linakupeleka kwenye kipimo chake. Vyuo vingi vinadai HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ya daraja la 4 kabla ya kuingia wodini. Kwa muundo wake wa siku nyingi, daraja hilo ni kama maneno 1,200 ya maisha ya kawaida: ya kununua tiketi, kuuliza njia, kueleza hali ya hewa. Hayatoshi kutofautisha kubana na kuchoma, na mzee anayeongea lahaja ya kijijini kwao ndiye kabisa. Mwanafunzi asiyemwelewa mgonjwa husimama nyuma ya kundi, ananakili faili lililotafsiriwa, na mikono yake haijifunzi. Anayeichagua China aanze Kichina cha hospitali mwaka wa kwanza, saa chache kila wiki bila kukatiza. Akifanya hivyo, ni chaguo zuri kwelikweli.

Urusi nayo ni miaka 6, ila programu nyingi zinazotangazwa kuwa za Kiingereza hugeukia Kirusi baada ya mwaka wa tatu, mwanafunzi anapoingia kliniki. Uliza kwa maandishi: mwaka wa nne, wa tano na wa sita, mihadhara na mitihani iko kwa lugha gani? Kwa maoni yetu, bora kulipia mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha na kusoma kozi nzima kwa Kirusi kuliko kuchanganya. Ila kama baraza lako linadai Kiingereza, njia hiyo imefungwa. Jambo jingine ni fedha: tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi humo, basi jua mapema ada na matumizi yatapitia benki gani.

Italia ndiyo tunayoipa alama ya juu kwa thamani. Vyuo vya umma vina udaktari kwa Kiingereza, na ada hupangwa kwa kipato cha familia. Mlango ni mmoja, mtihani wa IMAT: maswali 60 kwa dakika 100. Jibu sahihi lina alama 1.5, kosa linakata 0.4, swali lililoachwa ni sifuri. Wengi huanguka kwa kubahatisha. Kiitaliano utakihitaji wodini, hilo halikwepeki.

Kuba, chuo cha ELAM cha Havana kilichoanzishwa 1999 hufundisha kwa Kihispania bila kuficha, na huanza kwa kumfundisha mgeni lugha. Baada ya miaka miwili mwanafunzi hupelekwa vyuo vya mikoani. Mhitimu hutoka akijua kutibu familia na jamii, akitegemea macho na masikio kuliko mashine. Jiandae kujifunza istilahi mara mbili kama mtihani wako wa leseni ni wa Kiingereza.

Visiwa vya Karibi vina nafuu ya lugha: miaka miwili ya sayansi za msingi kisiwani, kisha zamu za hospitali, nyingi zikiwa Marekani. Ada ni kubwa. Chuo kikikutangazia asilimia ya waliofaulu USMLE, mtihani wa leseni wa Marekani, usishangilie. Baadhi ya vyuo huwachuja wanafunzi kwa mtihani wa ndani kwanza, na wanaopita ndio pekee wanaoruhusiwa kuketi. Swali la kuuliza ni: katika kila 100 walioanza mwaka wa kwanza, wangapi walihitimu kwa wakati?

Masomo ya mtandaoni ni mtego wa kila nchi. China ilipofunga mipaka 2020, na vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, maelfu waliendelea na wodi kupitia kompyuta. Baraza la India lilisema wazi kwamba kozi iliyosomwa mtandaoni pekee halitaitambua. Dai kwenye mkataba ielezwe utahamishiwa wapi pakifungwa.

Ada ilipwe kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si ya wakala. Kwa China, subiri fomu ya JW202, ya kuombea viza kwa anayejilipia, ndipo uombe viza ya masomo ya X1; ukifika una siku 30 za kuibadilisha kuwa kibali cha kuishi. Na kabla hujapanda ndege ya kurudi, chukua hati ya matokeo yenye saa za kila somo, mtaala uliogongwa muhuri ukurasa kwa ukurasa, na barua ya utarajali inayotaja kila idara na wiki zake. Kuvidai ukiwa umeshaondoka huchukua miezi, kwa sababu idara huunganishwa na wakuu wake hubadilika.