Bakapu ya rekoda ya traki nyingi: diski ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Rekoda ya traki nyingi hurekodi kila sauti au chombo kwenye traki yake, na bakapu ni nakala ya akiba ya traki hizo. Anza na hesabu kabla hujaingia dukani. Traki moja ya biti 24 na 48 kHz inakula takriban MB 8.6 kwa dakika, yaani kama MB 520 kwa saa. Traki 16 ni GB 8.3 kwa saa. Kwaya ikishinda studio kutwa na wewe ukarekodi saa nne tu za sauti halisi, una GB 33 mkononi, na kadi ya GB 32 iliyo kwenye rekoda imeshajaa kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Studio ndogo ya Dodoma inayofanya kazi mbili za ukubwa huo kwa mwezi itakaa na TB 1 mwaka mzima na ziada. Diski ya chini ya GB 500 usihangaike nayo.

Wengi hununua kwa kuangalia ujazo na bei. Kinachotakiwa kuangaliwa ni je, miaka mitatu baadaye, mchungaji akipiga simu kutaka wimbo uleule uongezewe sauti ya nne, rekoda itaufungua? Kikundi cha muheme, ngoma ya Wagogo, kilichokuja na ngoma zake kwenye fuso kutoka Chamwino hakirudi kesho kurudia traki ya tatu. Mpangilio ulio hapa chini umefuata swali hilo.

1. SSD ya nje, GB 500 hadi TB 1

Hii ndiyo ya kununua kwanza. Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo kuanguka kutoka mezani au kutikisika kwenye bodaboda hakuidhuru kirahisi, na vumbi la kiangazi halina pa kuingilia isipokuwa tundu la waya. Ile ya kawaida ya USB 3 inaandika MB 400 hivi kwa sekunde. GB 33 zinahama kwa dakika chache, na kisoma kadi ndicho kitakachochelewesha kazi, si diski. Usilipie zaidi kwa ajili ya zile zinazotangaza MB 2,000 kwa sekunde. Kadi yako ya SD haifiki hata robo ya hapo.

Udhaifu wake ni mmoja, na wauzaji hawausemi: SSD haipendi kulala bila umeme. Data imehifadhiwa kama chaji, na chaji huvuja polepole, joto huharakisha. Ukiifungia kabatini chini ya bati miaka mingi bila kuichomeka, usishangae faili zikikataa kusomeka. Kila baada ya miezi michache ichomeke, uisome yote.

2. HDD ya nje, TB 1 au 2

Hii ni diski ya sahani inayozunguka. Kwa kuweka nakala ya muda mrefu bado ni nzuri, na kwa pesa ileile unapata ujazo mkubwa kuliko wa SSD. Itumie kama nakala ya pili, ikae nyumba nyingine: kwa katibu wa kwaya, ofisini, popote pasipo na studio. Wizi na moto haviji kuchagua diski moja na kuacha nyingine zilizo kwenye droo hiyohiyo.

Kinachoiua ni mtikisiko ikiwa inazunguka. Ukimaliza kunakili, itoe kwa utaratibu kwenye kompyuta, subiri sekunde kumi sahani isimame, ndipo uinyanyue. Ukisikia inalia tik-tik na haionekani, usikimbilie kusema imekufa: tundu la USB 2 linatoa ampea 0.5 tu, na diski nyingi zinataka zaidi ya hapo wakati wa kuanza kuzunguka. Ihamishie tundu la USB 3, tena kwa waya mfupi uliokuja nayo. Tatizo hili ni la kila siku kwenye kompyuta za zamani.

3. Kadi za SD za akiba

Nunua mbili au tatu, lakini zihesabu kama vifaa vya kazi, si ghala. Faida yake ni kwamba kadi yenye kazi ya leo haifutwi mpaka nakala mbili zimehakikiwa. Kesho unarekodi kwenye kadi nyingine.

Hapa soma kitabu cha rekoda kabla ya kutoa pesa. Zoom R16 na Tascam DP-24SD zinaishia kadi ya GB 32, yaani SDHC. Ukiziwekea SDXC, yaani aina ya kadi inayozidi GB 32, ya GB 128 umetupa pesa. Tascam Model 24 inafika GB 128, na Zoom L-12 inakubali SDXC hadi GB 512. Kadi mpya ifomatiwe ndani ya rekoda yenyewe, sio kwenye kompyuta.

Kadi feki ni nyingi, na nembo ya SanDisk juu yake si ushahidi wa chochote. Kadi ya GB 64 inayoonyesha GB 64 huenda ndani ina GB 8: inakubali kuandikiwa mpaka mwisho bila kulalamika, huku faili zinazozidi zikiwa tupu. Ipime siku ya kuinunua, risiti ikiwa bado mfukoni. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Programu inaijaza kadi yote kisha inaisoma upya. Kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, kuandika GB 64 kunachukua kama dakika 53, na kusoma ni muda mwingine tena. Muuzaji asiyekubali kubadilisha kadi iliyofeli kipimo hiki, achana naye.

Sambamba na kadi nunua kisoma kadi cha USB 3. Rekoda nyingi zikiunganishwa moja kwa moja na kompyuta hutumia USB 2, ambayo kwa kazi halisi haizidi MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Isitoshe, umeme ukikatika katikati ya kunakili, rekoda inazimika na kadi ikiwa bado inatumika.

4. Hifadhi ya mtandaoni

Kwa miksi iliyokamilika, sawa. Kwa traki mbichi, piga hesabu ya bando kwanza: GB 8.3 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 5 (megabiti, si megabaiti, kwa sekunde) ni karibu saa tatu na dakika 40, kama mtandao haujayumba. Google Drive inakupa GB 15 za bure, na barua pepe na picha zako zimo humohumo. Ukibadilisha WAV, yaani faili za sauti ambazo hazijabanwa, kuwa FLAC, aina iliyobanwa, utapunguza ukubwa pengine hata kwa nusu bila kupoteza sauti, ila ukumbuke kuzirudisha kuwa WAV kabla ya kuzipeleka kwenye rekoda.

5. Flashi

Ya mwisho. Za bei ndogo zinaandika MB 5 hadi 15 kwa sekunde, zinapotea, na zimezoea kupita stesheneri moja hadi nyingine zikikusanya virusi vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato. Tena nyingi zimefomatiwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao haupokei faili inayofika GB 4. Ukizifunga traki 16 za biti 24 kwenye zipu moja, nusu saa ya sauti inakaribia kikomo hicho. Flashi ni ya kumpelekea mteja miksi. CD na DVD hazimo kabisa kwenye orodha.

Ukishanunua, jua unachonakili. Kubeba faili za WAV peke yake kunaokoa sauti lakini kunaacha miksi, alama na chaguo la kila traki. Kwenye Zoom R16 kila kazi ina folda yake ya PROJ yenye namba. Ndani kuna faili PRJDATA.ZDT na folda AUDIO. Chukua folda nzima, usibadilishe jina lolote ndani yake. Jina la kwaya na tarehe yaandike kwenye folda ya nje utakayoitengeneza kwenye diski. Tascam DP-24SD ni tofauti: nyimbo zinakaa kwenye sehemu ya kadi ambayo kompyuta haiioni, kwa hiyo lazima utengeneze bakapu ya wimbo kwenye menyu ya rekoda, ndipo faili itokee sehemu ya FAT, ile ambayo kompyuta inaiona. Faili hiyo inarudishwa kwa rekoda. Kwa hiyo fanya yote mawili: bakapu ya wimbo, pamoja na kutoa traki moja moja kama WAV, ili siku rekoda ikifa uweze kufungua kazi kwenye programu yoyote.

Nakili kwa programu inayohakiki, kama TeraCopy kwenye Windows. Kama huna, linganisha idadi ya faili na ukubwa kwa baiti, sio kwa GB zilizokadiriwa. Kabla ya kuingiza kadi kwenye kompyuta ya mtu, sukuma kitufe cha pembeni mwa kadi kifunge uandishi; ukirudi kwenye rekoda kifungue, la sivyo itakwambia kadi imefungwa.

Kisha jaribu kurejesha, na usitumie kadi yenye kazi halisi. Fomati kadi ya akiba kwenye rekoda, irudishie kazi moja kutoka kwenye diski, ifungue, sikiliza traki ya kwanza na ya mwisho, mwanzoni na dakika ya mwisho ya wimbo. Kazi ikifunguka lakini traki ziko kimya, mara nyingi folda imeingia ndani ya folda yenye jina lilelile, au kompyuta imeongeza “(1)” kwenye jina la faili kwa sababu ulinakili mara mbili. Fomati kadi upya, unakili folda moja tu, uhakikishe PRJDATA.ZDT ipo moja kwa moja ndani ya folda ya PROJ, ndipo uirudishe kwenye rekoda.