Nilivyoisubiri LibreOffice 25.8 hapa Lubumbashi, ila si kwa mashini zote

Nina sekretaria publiki, yaani duka la kuchapa na fotokopi, upande wa barabara ya Kasapa, njia ya kwenda UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi). Wateja wangu wengi ni wanafunzi wenye TFC (kazi ya kuhitimu) kwenye flashi, walimu wenye orodha za pointi, na wazazi wanaotaka barua ya maombi ichapwe sasa hivi. Kazi hizo zote zinapita kwenye LibreOffice, programu ya kuandika hati na majedwali. Mapenzi hayakuwa na nafasi katika uchaguzi huo: programu ni ya bure, haidai akaunti, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Faili ya kusakinisha ina zaidi ya MB 300. Naipakua mara moja, naiweka kwenye flashi, inaingia kwenye mashini zote. Anayelipia megabaiti mwenyewe ananielewa.

Ratiba yake inajulikana. Matoleo makubwa ni mawili kwa mwaka, moja mwanzoni mwa mwaka na jingine Agosti. Tangu 2024 namba yenyewe inataja tarehe: baada ya 7.6 waliruka hadi 24.2, na lile la Agosti 2025 ni 25.8. Nilipoisubiri, niliweka toleo lake la majaribio kwenye mashini yangu binafsi. Linakaa kando ya lile la kawaida bila kuligusa, kwa hiyo ukitaka kuonja huna cha kuogopa.

Sasa, nilichosubiri hasa. Mtu asiyefanya kazi hii angefikiri nilisubiri sura mpya au vitufe vipya. Mimi nilisubiri ukurasa utulie pale pale ulipoachwa. Mwanafunzi anakuja na faili ya docx (ya Word), ananiambia, "Yaya, kwa direktere wangu (msimamizi wa TFC) ni kurasa 61, huku kwako mbona ni 64?" Nyuma yake watu watano wanasubiri fotokopi. Mara nyingi kisa ni fonti. LibreOffice inakuja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawasawa na za Calibri. Inakuja na Caladea badala ya Cambria, na Liberation Serif badala ya Times New Roman. Kwa hizo mistari haihami. Lakini Microsoft sasa wameifanya Aptos kuwa fonti ya kuanzia katika Office yao, na mashini isiyo na Aptos inaweka fonti nyingine yenye upana tofauti. Hapo jedwali linavunjika, picha inashuka, na orodha ya yaliyomo inasema uongo. Sikutegemea 25.8 imalize jambo hilo. Kwa sasa dawa ni kumwambia mwanafunzi aandike kwa Times New Roman tangu ukurasa wa kwanza, au aje na PDF.

Na kwa PDF kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakijui: wakati wa kuhamisha, unaweza kuweka tiki ili faili asili ya ODF (aina ya faili ya LibreOffice) iingizwe ndani ya PDF hiyo hiyo. Mteja anaifungua popote kama PDF ya kawaida. Akirudi kwangu na masahihisho, Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandika, inaifungua na naandika juu yake. Imeniokoa na wale wanaorudi wakisema flashi yenye faili ya kwanza imepotea. (Inapotea kila mwaka, flashi hiyo.)

Jambo la pili ni umeme. Hapa unakatika bila hodi, na kuwasha jenereta kunachukua muda. Toleo la 24.2 ndilo lililoanza kuja na hifadhi ya dharura (kazi inajihifadhi yenyewe kila baada ya muda) ikiwa imewashwa tayari. Zamani ulipaswa kuitafuta mwenyewe kwenye mipangilio. Muda wake wa kawaida ni dakika kumi. Kwa mji huu ni mwingi mno, mimi nimeupunguza hadi mbili.

Upande wa Calc, sehemu ya majedwali, 25.8 imeleta fomula ambazo watu wa Excel walikuwa wanatuchekea nazo: TEXTSPLIT, VSTACK, CHOOSECOLS na wenzake. XLOOKUP na FILTER tulizipata kwenye 24.8. TEXTSPLIT kwangu ni kazi kweli, kwa sababu orodha za wanafunzi zinaletwa na jina, postnom (jina la pili) na prenom (la ubatizo) vimebanwa kwenye kisanduku kimoja, halafu mwalimu anataka safu tatu. Nimeijaribu kwenye orodha ya darasa zima, ikagawanya vizuri. Mwenye postnom mbili bado unamrekebisha kwa mkono.

Shida ni Windows 7. Kuanzia 25.8, LibreOffice haikubali tena Windows 7, 8 wala 8.1. Kwenye 25.2 walishatoa onyo, kwa hiyo siwezi kusema nimeshtukizwa. Lakini mitaani hapa, kuanzia komini ya Kenya hadi ya Katuba, mashini nyingi za sekretaria ni za mtumba kutoka nje, na Windows 7 ndiyo inayozibeba bila kulia. Kununua Office mpya hakuniondolei tatizo hilo, maana Office 2024 haikubali hata Windows 8. Wenye Windows 10 nao wajue kwamba Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Office 2016 na 2019. Hata hivyo LibreOffice inaendelea kufanya kazi humo.

Uamuzi wangu ulikuwa huu. Mashini mbili zenye Windows 10 zingepata 25.8, ila si ile ya kwanza yenye sifuri mwishoni. Marekebisho yanafuata mwezi hadi mwezi, nami ningengoja angalau 25.8.2, wanafunzi wa mwisho wakiwa wameshatetea kazi zao. Ile ya Windows 7 yenye RAM ya GB 4 mdogo wangu angeiwekea Linux, ambako LibreOffice mpya inakubalika. Ile ya mlangoni, iliyochoka zaidi, ingebaki na 25.2 na kazi ya kuskani na kuchapa tu. Faili ya 25.2 ninayo kwenye flashi. Mwenye Windows 7 aje na flashi yake nimnakilie, sitoi bili.