Bampa ya Taiwan kwenye Fielder nyeupe ya lulu: kazi ya rangi niliyofanyiwa Industrial Area

Gari ni Toyota Fielder ya 2013, rangi namba 070. Nilipeleka bampa ya mbele na fenda ya kushoto, zote mpya za Taiwan (si za Toyota yenyewe), kwenye gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, yenye chumba cha rangi na oveni. Spea nilijinunulia Kirinyaga Road. Nililipa shilingi 8,000 za bampa, 6,500 za fenda, na 6,000 za kufifishia rangi kwenye boneti na mlango, yaani kuipunguza polepole ili mpya na ya zamani zisionekane zinapokutana. Maandalizi yao ni safi na klia yao, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, ni nzuri. Rangi ya bampa waliikosea mara ya kwanza, wakairudia bila kunidai.

Nianze na spea, maana pesa hupotea hapo kabla bunduki ya rangi haijashikwa. Fielder za aina hii zilibadilishwa uso mwaka 2015, na bampa ya kabla haikai kwenye gari la baada. Muuzaji akikuambia zinaingiliana, linganisha matundu ya taa za ukungu na masikio ya pembeni na bampa yako ya zamani. Yangu ilikaa vizuri katikati, lakini chini ya taa ya kulia kulibaki mwanya wa kama milimita 4. Hapa gereji inapata alama zake za kwanza: walifunga bampa na fenda kwenye gari zikiwa hazijapakwa, wakapanua tundu moja la skrubu, wakanyoosha kibati cha fenda, ndipo wakazifungua tena. Ukipaka kwanza, siku ya kufunga fundi atalazimisha klipu na klia itapasuka kwenye kona.

Bampa ilikuja nyeusi, bila praima, yaani rangi ya msingi. Kwa ndani imechapwa >PP+EPDM<, yaani plastiki ambayo rangi haishiki kwa hiari, tena imetoka kiwandani na mafuta ya kuibandulia kwenye kalibu. Waliiosha kwa maji moto na sabuni, wakaikwaruza kote kwa skochi ya kijivu (kitambaa kigumu cha kukwaruzia), wakaiosha tena. Kipimo chao ni rahisi na unaweza kukifanya mwenyewe: mwagia maji. Yakitandaa kama shuka, iko tayari. Yakijikusanya matone matone, bado ina mafuta. Baada ya hapo walipiga koti mbili nyembamba za dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, ile isiyo na rangi, kisha praima ya 2K (inayochanganywa na hadina, dawa ya kuikausha na kuikaza), kisha msasa wa maji namba 800. Fundi akiruka hiyo dawa hutajua siku ya kuchukua gari. Utajua siku ya kuosha kwa mashine ya presha, rangi itakapobanduka kama ganda la kitunguu.

Fenda ya chuma ina mtego wake. Ile rangi nyeusi iliyokuja nayo wakati mwingine ni praima halisi, wakati mwingine ni ya kuzuia kutu safarini tu. Futa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye thina. Weusi ukihamia kwenye kitambaa, lazima uondolewe wote mpaka kwenye chuma. Usipohamia, unakwaruzwa kwa msasa 320 na kupigwa praima juu yake. Yangu haikuhama.

Sasa rangi yenyewe. 070 si nyeupe ya kawaida kama 040. Ni matabaka matatu: nyeupe ya chini, lulu inayopitisha mwanga, halafu klia. Duka la kuchanganya rangi linaweza kukupa namba sahihi kabisa na bado gari likatoka na sura mbili, kwa sababu kinachoamua ni idadi ya koti za lulu. Ukizidisha, rangi inaelekea umanjano, na ukitazama kwa pembeni inafifia. Ukipunguza, inabaki nyeupe kavu kama chaki. Na lulu haisomeki mpaka ipigwe klia, kwa hiyo kukisia kwa jicho wakati wa kupiga hakusaidii.

Dawa yake ni kadi ya majaribio. Kadi nzima inapigwa nyeupe ya chini, inagawanywa kwa masikingitepu sehemu nne, kisha inapigwa koti ya lulu, tepu moja inabanduliwa, koti nyingine, tepu nyingine, mpaka kila sehemu iwe na idadi yake: 1, 2, 3, 4. Klia juu ya zote. Ikikauka inapelekwa nje na kushikwa kwenye mlango, inatazamwa kwa mbele na kwa pembeni, kivulini na juani, baada ya mlango kusafishwa kwa polishi. Kazi ya saa mbili hivi.

Hawakuifanya. Nilipouliza nikajibiwa, "Bosi, nyeupe ni nyeupe." Fenda ilipigwa lulu koti tatu, bampa ikapigwa tano ikiwa imelazwa mezani. Ndani ya chumba cha rangi zilifanana. Nje, saa nne asubuhi, bampa ilikuwa kama jino la mvutaji sigara. Msimamizi alitazama mara moja tu, akasema irudiwe. Mara hii kadi ilitengenezwa, ikaonyesha 3, na bampa ikasimamishwa kwenye stendi kama inavyokaa kwenye gari, ili chembe za lulu zilale sawasawa. Kwenye boneti na mlango walififisha lulu kuanzia ukingoni, kisha wakapiga klia paneli nzima. Hizo 6,000 ndizo pesa zilizofanya kazi kubwa kuliko zote. Tofauti ndogo kati ya bampa na fenda jicho husamehe, maana hata magari ya kiwandani yanayo; kati ya fenda na mlango halisamehe.

Klia yao ni 2K, sehemu mbili za klia kwa moja ya hadina, kama kopo linavyoelekeza, koti mbili na dakika 10 hivi katikati. Sikuona thina ikiongezwa kiholela. Ikizidishwa, gari hung'aa siku ya kwanza na kupauka baada ya wiki chache. Oveni ilikuwa nyuzi 60 na bampa ilishikiliwa kotekote, kwani plastiki ikipashwa moto bila kushikiliwa hulegea. Kwa anayepeleka gari Julai, oveni si anasa: baridi ya Nairobi huchelewesha hadina, na klia inayolala usiku kucha bila kukauka hukusanya vumbi lote la mtaa. Ukishuku umepigwa NC (aina ya selulosi, inayokauka bila hadina) badala ya 2K, sugua kwa thina mahali pasipoonekana. NC inayeyuka hata baada ya wiki kadhaa.

Ninayowalaumu: chini ya tundu la taa ya kulia pana klia yenye vijivimbe kama ganda la chungwa, upana wa kiganja, na kijana aliyepiga klia alikuwa amejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii mvuke wa hadina, na mwenye gereji anajua hivyo. Muda pia: waliahidi siku tatu, zikawa sita.

Walinipa rangi iliyobaki, nyeupe na lulu kwenye vichupa viwili, lakini baada ya kuomba. Kadi nayo nimeiweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Nyuma yake imeandikwa kwa kalamu: 070, fenda na bampa, lulu koti 3.