Mvinyo Mweupe Drai wa Dodoma: Uonje na Samaki Kwanza

Karibuni tena wadau. Kama hujafikisha miaka 18, hii ipite, tutaonana kwenye video za mapishi. Mezani leo nina Chenin Blanc ya Dodoma, mvinyo uliopewa jina la aina ya zabibu yake, mweupe na drai, yaani sukari ya zabibu karibu yote imeshageuka kilevi. Asilimia za kilevi ziko kwenye lebo, mtasoma wenyewe. Mimi nimekuja kwa ajili ya uchachu wake, maana nimeupenda mno.

Tazameni. Changu huyu ametoka kwenye mafuta sasa hivi, sijamkamulia ndimu hata tone. Natafuna... mafuta yametanda ulimini, hayataki kuondoka. Sasa funda moja la mvinyo. Yameondoka! Mdomo umekuwa safi, na utamu wa samaki ndiyo kwanza unatokeza, hadi chumvi yake naisikia. Ngoja nirudie. Kipande hiki nakikamulia ndimu, nyingi, kama tulivyozoea. Naonja, nakunywa... mvinyo umepooza! Ndimu imeuzidi nguvu, umebaki kama maji. Kwa hiyo siku ukifungua chupa hii, ndimu zibaki jikoni.

Mtu ataniuliza, kwa joto lile la Dodoma uchachu unatoka wapi? Swali zuri, kwa sababu kwenye joto zabibu hupoteza uchachu haraka inapoiva. Lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku kunapoa, na Chenin yenyewe ni mbegu mbishi. Kwao ni bonde la mto Loire, Ufaransa, ila nchi iliyoipanda kwa wingi kuliko zote ni Afrika Kusini, na huko pia jua halijaishinda. Kwetu mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki, pale Bihawana, miaka ya 1950. Leo mashamba yako Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, na mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya hawawezi, kule baridi huulaza mzabibu.

Halafu unafika dukani unakuta chupa imepangwa dirishani, inapigwa jua kutwa nzima! Inaniuma sana. Mkulima amehangaika, mtengenezaji amehangaika, sisi tunaipika rafuni. Chagueni chupa iliyokaa kivulini, na nyumbani ipewe saa mbili au tatu za friji. Ikinywewa vuguvugu utasikia kilevi tu.

Bei je? Linganisheni duka na duka. Sheria ya ushuru inaupa nafuu kubwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za hapa nchini, kwa hiyo ukikuta wa kwetu umebandikwa bei sawa na wa kutoka Cape, Afrika Kusini, muulize muuzaji. Ingawa nikitaka kunywa bila chakula, bado nachukua wa Afrika Kusini, una ladha ya matunda zaidi mdomoni. Kwenye sahani ya samaki narudi Dodoma.

Nilikuwa nimepanga kusema samaki wa kukaanga ndiye mwenzake namba moja. Sasa nimeonja na huyu wa kupaka, na nabadilisha hapa hapa mbele yenu. Tui la nazi zito, moshi wa mkaa, halafu uchachu ule unapita katikati... hii ndiyo namba moja. Pilipili tu ipunguzwe, ikizidi inawasha maradufu pamoja na kilevi. Pweza wa kukaanga, sawa. Kuku wa kuchoma, sawa. Nyama choma ya mbuzi hapana, inaumeza kabisa. Mbuzi tutamla kwenye video ijayo na mwekundu wa Makutupora, kwa hiyo jiunge na chaneli na uwashe kengele.

Chupa isipoisha, irudishie kizibo, iweke friji, na uimalize ndani ya siku mbili au tatu.