Mbeya isigeuke Mbeza: uzoefu wangu na setxkbmap

Mwenye haraka asome hapa tu aende zake: setxkbmap ni amri ndogo ya Linux, ya bure, haihitaji bando, na inabadili mpangilio wa kibodi papo hapo. Ubaya wake ni kwamba inasahau, na ikisahau haikuambii. Kwa anayechapa kazi za wateja kwenye kompyuta ya mtumba, bado naipendekeza.

Nina steshenari hapa Mbeya, upande wa Mafiati. Riziki yangu ni kuchapa: barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vikoba, mikataba ya kuuziana mashamba. Mashine ya mezani kwangu ni laptopu iliyotokea Ujerumani, na kibodi yake ni ya kwao. Z iko juu, kati ya T na U, na Y imeshushwa chini kushoto karibu na Shift. Pembeni ya L kuna Ö na Ä. Bei yake ilinivutia kwa sababu hiyohiyo, maana wateja wengi wakiona Z mahali pa Y wanairudisha mezani.

Anayeandika Kiingereza anaweza kufika mwisho wa ukurasa akiwa ameigusa Z mara chache sana. Kiswahili hakina huruma hiyo. Mimi nachapa bila kutazama vitufe, kwa mpangilio wa Kimarekani tuliouzoea wote, kwa hiyo mashine ikibaki kwenye Kijerumani, "vizuri" inatoka "viyuri" na "mwenye" inakuwa "mwenze". Mbeya inageuka Mbeza, Kyela inakuwa Kzela, Mbozi inakuwa Mboyi, Tukuyu inakuwa Tukuzu. Watu wa Iringa, Njombe na Makambako wamenusurika, wao wachape tu.

Hayo lakini ni makosa ya kuchekesha, unayaona na kuyafuta. La hatari ni lile linalotoa neno sahihi. Chapa "pikipiki zake" nawe utapata "pikipiki yake". "Hati zao" inakuwa "hati yao". Sarufi iko sawa, kikagua tahajia kimenyamaza, na mkataba wa pikipiki kadhaa umeshakuwa wa pikipiki moja. Kwa kazi ya mikataba, jambo hili peke yake linatosha kukufanya ujifunze amri moja ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Natumia Linux Mint yenye mazingira ya Xfce, yaani madirisha na menyu zake. Unafungua terminali, unaandika:

setxkbmap us

Unabonyeza Enter, basi. Hakuna ujumbe wa kukupongeza. Kimya maana yake imekubali. Ukikosea jina la mpangilio ndipo inalalamika kwamba imeshindwa kuupakia. Ukitaka kujua uko wapi, andika setxkbmap -query, itakutajia mpangilio, aina ya kibodi na nyongeza ulizoweka. Hiyo -query ndiyo naiita mara nyingi kuliko zote, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo vidole vimekufa ganzi kwa baridi na sijui kama kosa ni la kwangu au la mashine.

Kijana anayenisaidia yeye huchapa kwa kutazama vitufe. Ukimwekea Kimarekani kwenye kibodi ya Kijerumani unamtesa, kwa kuwa kilichoandikwa kwenye kitufe sicho kinachotoka kwenye skrini. Stika za herufi zingeweza kusaidia, ila zinachakaa na kubanduka. Kwa hiyo tunatumia mipangilio miwili kwa pamoja:

setxkbmap -layout us,de -option grp:win_space_toggle

Wa kwanza kutajwa ndio unaoanza. Kitufe cha Windows pamoja na Space kinakupeleka kwa mwenzake na kukurudisha. Ipo pia grp:alt_shift_toggle kwa waliozoea Alt na Shift, ila mimi huwa naigonga bila kukusudia. Ukichomeka kibodi ya nje yenye taa tatu, ongeza grp_led:scroll, na taa ya Scroll Lock itawaka ukiwa kwenye mpangilio wa pili. Hii imetupunguzia ugomvi wa "nani kaacha mashine kwenye Kijerumani".

Jambo moja lilinikera kuhusu hizo nyongeza: zinarundikana. Ukiweka moja leo na nyingine baadaye, ya kwanza haiondoki, na unaweza kujikuta na njia tatu za kubadili mpangilio bila kujua. Ili kufuta zote unaandika setxkbmap -option '' yaani alama mbili za kunukuu bila kitu katikati. Maelezo ya amri yameligusa hilo kwa sentensi fupi tu, ilhali ndilo linalochanganya wengi.

Sasa ng'ombe. Usakinishaji wa Linux ukikuuliza kibodi, kuna mpangilio wa Kimarekani unaoitwa wa kimataifa, na jina lake linavutia. Ukiuchagua, kitufe cha king'ong'o (') hakitoi kitu mpaka ubonyeze herufi nyingine, kisha kinaipa herufi hiyo mkwaju kichwani (´). "Ng'ombe" inatoka "ngómbe", "ng'ambo" inatoka "ngámbo". Ukifungua alama za kunukuu na kuandika "Asante", A inavaa vidoti viwili kichwani. Anayeandika Kifaransa au Kireno unaweza kumfaa, sisi unatupotezea muda. Kijerumani nacho kina mtego wake: kitufe cha kulia kwa ß kinafanana kabisa na king'ong'o lakini ni mkwaju uleule, king'ong'o chenyewe kiko Shift na kile cha alama ya reli (#), kando ya Enter. Kwa Kiswahili chagua us mtupu. Kama kuna siku unahitaji herufi za Kifaransa au Kijerumani, tumia:

setxkbmap -layout us -variant altgr-intl

Hapo king'ong'o kinabaki king'ong'o, na mikwaju inahamia kwenye AltGr, ile Alt ya kulia.

Wazalendo wenzangu, mpangilio wenye jina letu upo. Andika grep -i swahili /usr/share/X11/xkb/rules/base.lst utaona tz na ke. Mimi nimebaki na us, kwa kuwa Kiswahili hakina herufi isiyokuwepo humo.

Turudi kwenye kusahau. Kila unachoweka kwa setxkbmap ni cha chaki ubaoni: ukitoka kwenye akaunti au mashine ikizima, kimefutika. Betri ya mashine yangu ilishachoka, umeme ukikatika inazima pale pale, na ikiwaka tena tuko Ujerumani. Hata kuchomoa kibodi ya USB na kuirudisha kunatosha kuirudisha kwenye mpangilio wa awali. Baya zaidi ni skrini ya kuingilia, kwa kuwa pale amri yako haijafika bado. Nenosiri lenye z au y linakataliwa, na wewe unaona vidoti tu.

Dawa ya kudumu kwa Mint, Ubuntu na Debian ni faili la /etc/default/keyboard. Lifungue kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, uweke:

XKBMODEL="pc105"
XKBLAYOUT="us,de"
XKBVARIANT=","
XKBOPTIONS="grp:win_space_toggle"

Kisha washa mashine upya. Kwenye Xfce, hakikisha mipangilio ya kibodi imewekwa ifuate ya mfumo, la sivyo itakuja na yake. Asiyependa kuhariri faili aandike sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration ajibu maswali. Kwa Fedora na Arch, ambazo ni Linux za aina nyingine, amri ni localectl set-x11-keymap, na hiyo ina masharti ya mpangilio wa maneno: kwanza mpangilio, halafu aina ya kibodi, halafu lahaja, mwisho nyongeza. Ukiruka moja bila kuiachia nafasi, yote yanasogea.

Tahadhari kwa wenye mazingira mapya ya GNOME badala ya Xfce: huko mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini siku hizi ni Wayland, si X11 ya zamani, na setxkbmap haina mamlaka juu ya programu za Wayland. Inaweza kukaa kimya, na kimya hapo hakimaanishi imekubali. Tumia mipangilio ya GNOME yenyewe.

Kuna mteja kutoka Umalila huleta nyimbo za kanisani kwa Kimalila, lugha yenye irabu 7, na mbili kati yake huandikwa kwa i na u zenye kistari katikati. Zamani nilikuwa nanakili herufi hizo moja moja kutoka hati nyingine. Sasa nimeifanya Ctrl ya kulia iwe kitufe cha kuunganisha, kwa setxkbmap -option compose:rctrl, na kwenye faili la .XCompose, ndani ya folda yangu ya nyumbani, nimeandika:

include "%L"
<Multi_key> <minus> <i> : "ɨ"
<Multi_key> <minus> <u> : "ʉ"

Nabonyeza Ctrl ya kulia, kistari, kisha i, na ɨ inatoka. Mstari wa kwanza usiuache, ndio unaobakiza miunganisho ya kawaida ya mfumo. Na ukishahifadhi faili hilo, funga LibreOffice uifungue tena, maana iliyokuwa wazi haitayaona mabadiliko.