Kurambaza sangara Entebbe: kapteni fundi kweli, ila zile laifu jaketi jamani

Watu watatu sasa wameniuliza kuhusu yule kapteni wa Entebbe anayefundisha kuvua sangara kwa boti ndogo, kwa hiyo naandika mara moja tu. Jina siweki maana nina lawama zangu na mtu mwenyewe nampenda, ukimtaka nitafute pembeni.

Mi ni mtu wa Tanga, Kampala huu mwaka wa sita, na kurambaza, yaani kuvua huku chombo kinatembea na mshipi nyuma, nimekuona tangu utotoni, kabla neno lenyewe halijahamia kwenye intaneti. Mzee anaachia mshipi nyuma ya ngalawa, tanga limejaa upepo, samaki anakuja mwenyewe. Nikajua ziwani ni yale yale tu na injini juu yake. Wapi.

Bei ni laki nne ya Uganda watu wawili, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita. Nilienda na shemeji. Tukaondoka saa moja na nusu, kijana wa boti alikuwa bado anahangaikia petroli, sisi tumekaa mwaloni na rolex zetu, zile chapati za mayai, tunaangalia mukene, dagaa wa huku, wanaanikwa. Hapo nusu ya asubuhi nzuri ishaenda, na asubuhi ndo wakati ziwa limetulia, upepo ukiingia baadaye boti ndogo inarushwa kama chapati.

Halafu laifu jaketi. Yangu kifungo kimoja kimekatika kimefungwa na kamba ya nailoni, ya shemeji ni ya mtoto, haifungi kifuani kabisa na ni mtu wa kilo tisini. Nikamwambia, kapteni hii si sawa, akacheka akasema "ssebo, leo ziwa zuri". Ziwa Victoria la kilomita za mraba karibu 69,000 wewe unaniambia leo zuri?

Haya, lakini kufundisha anajua bwana. Hashiki fimbo yako ya kuvulia hata ukimwomba. Kitu cha kwanza ni mwendo, boti iende kama mtu anayetembea kwa haraka kidogo, sasa ile injini ya Yamaha ya farasi 40 hata ukiiachia chini kabisa bado inakimbia, kwa hiyo kachukua ndoo ya plastiki imetobolewa matundu, kaifunga kamba kaitupa nyuma, boti ikatulia pale pale. Nilicheka, nikaacha kucheka. Kisha kuachia mshipi, anahesabu kwa mikono, ile sisi tunaita pima, kama kumi na tano hivi, chambo bandia chenye ule mdomo wa plastiki kikivutwa kinapiga mbizi chenyewe, ukiachia mshipi mwingi kinashuka zaidi mpaka unaanza kuvua mawe.

Sasa lile lililonifanya nione pesa yangu haikupotea. Kaniambia niangalie ncha ya fimbo tu, nisiangalie maji. Ncha inatetemeka kidogo kidogo bila kuacha, tik tik tik, hiyo ni chambo kinaogelea. Ikiacha kutetemeka na samaki hayupo, vuta, ndoana imebeba jani. Nilikuwa nimezunguka kama dakika ishirini nzima nikiburuza kipande cha gugu maji na furaha zangu, na yeye alikuwa ameshaona muda mrefu kanyamaza tu anisubiri nijue mwenyewe! Banange. Tangu hapo sijasahau.

Kingine, haendi moja kwa moja, anapinda kama nyoka taratibu kuzunguka miamba ya kisiwani. Boti ikipinda, chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo na cha nje kinaongeza, kwa hiyo samaki akigonga fimbo ya nje ujue leo wanataka mbio. Ila ukipinda kwa ghafla mishipi inasukana, shemeji alipopewa usukani ndo kilichotokea, robo saa tunafumua.

Samaki tulipata wawili tu. Wa kwanza kagonga saa nne hivi, fimbo ikainama, mi nikataka kuivuta juu kama kwenye picha, kapteni anapiga kelele shusha ncha, shusha, kwa sababu sangara akiruka juu anatikisa kichwa na ndoana inachomoka. Nikashusha, akaruka mara moja, akabaki. Kumpima kwenye ubao wenye alama, sentimita 46. Sheria ya hapa mputa, ndiye huyo sangara, chini ya 50 harudi na wewe, kwa hiyo kamrudisha majini hapo hapo bila mjadala, na kwa hilo nampa heshima kubwa kwa sababu kuna wengi wangemficha chini ya turubai. Wa pili alikuwa wa shemeji, 58, huyo tumemla. Usiingize kidole kwenye mashavu yake, ule mfuniko una miiba, kidole cha shemeji ni shahidi.

Kurudi tukakuta sami, wale vijidudu vya ziwani, wamesimama juu ya maji kama moshi, shemeji akadhani boti ya watu inaungua. Funga mdomo ukipita katikati yao.

Kufika mwaloni, kapteni anadai elfu sitini ya petroli juu. Kwenye simu hakusema hata nusu neno. Tukabishana, nikatoa thelathini. Kwa hiyo ukipiga simu uliza mafuta yamo au hayamo, na kama unataka kujaza friza usiende, nenda kanunue. Ukitaka kujifunza nenda, nampa nyota nne, ile ya tano imezama na zile jaketi.

Mi narudi mwisho wa mwezi, nishanunua laifu jaketi yangu mwenyewe. Shemeji kakataa, anasema atakula sangara wa mwalo wa Kigungu wa kupimiwa kwa kilo.